Taa Nyekundu ya Oili Haina "Nifike Hapo Mbele"

Wiki hii naweka kando viwavijeshi na mbolea ili tuzungumze habari ya gari. Najua yupo atakayesema bwana shamba ameacha kazi yake. Sijaiacha. Mpunga, mihogo na dagaa wa huku kwetu Sengerema havifiki sokoni kwa miguu. Vinapanda Probox, Noah, Hiace na Canter ambazo nyingi zilitembea miaka mingi Japani kabla ya kuja kwetu. Wengi wenu gari la kwanza mmelinunua kwa fedha ya mavuno au kwa mkopo wa kikundi. Injini ikifa, inakufa na msimu mzima.

Na mimi nina deni la kuungama. Injini ya kwanza kufa mikononi mwangu niliiua mwenyewe, mchana kweupe, taa ikiniambia nisimame.

Nilivyoiua injini yangu

Ilikuwa mwanzoni mwa mvua za vuli. Natoka Nyehunge na Corolla yangu ya zamani, nyuma nimepakia pingili za mihogo za kikundi kimoja karibu na Sengerema mjini. Wanakikundi walikuwa wameshalima na matuta yako tayari.

Njiani, ile taa nyekundu yenye alama ya birika linalodondosha tone ikaanza kupepesa kila nilipopunguza mwendo. Nilisimama, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili ipo, tena imefika alama ya juu. Nikajiambia: oili ipo, basi taa inasema uongo, itakuwa swichi imekufa. Nifike Sengerema, fundi ataangalia.

Mbele kidogo taa ikaacha kupepesa, ikawaka moja kwa moja. Nikaongeza mwendo ili niwahi. Kisha nikasikia ko-ko-ko kutoka chini ya injini, kama mtu anayepiga debe kwa nyundo. Sikumaliza kilomita mbili, injini ikakaza na kuzima. Haikuwaka tena.

Fundi alipofungua sampu alinionyesha chujio la chini, lile ambalo pampu ya oili hunyonyea. Lilikuwa limezibwa na vipande vya gundi nyekundu. Mwezi mmoja kabla, gereji moja ilinibadilishia gasketi ya sampu ikapaka gundi kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Iliyozidi ilibanduka ndani na kusafiri mpaka kwenye chujio.

"Bwana shamba," fundi akaniambia, "oili ulikuwa nayo. Ila ilikuwa imekaa chini, haipandi juu."

Pingili zilikaa siku tano ndani ya gari lililofungwa vioo, juani. Kikundi walizipanda hivyo hivyo kwa sababu mvua ilikuwa haisubiri, na nyingi hazikuchipua. Gari ni langu, lakini hasara waliibeba watu ambao hata kuendesha hawajui.

Taa hii inapima nini

Kosa langu ndilo kosa la watu wengi. Tunadhani taa hii inauliza kama oili ipo, kumbe inauliza kama oili inasukumwa.

Fikiria pampu yako ya kumwagilia nyanya kandokando ya ziwa. Maji ya Ziwa Victoria hayaishi. Lakini magugu maji yakiziba chujio la mpira wa kunyonyea, au mpira ukiingiza hewa, mpira wa shambani unalala chapa. Huwezi kusema "maji yapo ziwani, kwa hiyo nyanya zinamwagiliwa."

Injini nayo iko hivyo. Oili hukaa kwenye sampu chini. Pampu huinyonya kupitia chujio, huisukuma kwenye filta, kisha kwenye njia nyembamba mpaka kwenye beringi za krankishafti, za konrodi na juu kwenye kamshafti. Chuma kile huzunguka maelfu ya mara kwa dakika na hakitakiwi kugusa beringi moja kwa moja. Kinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo unashikiliwa na presha. Presha ikiondoka, chuma kinasaga chuma. Injini haihitaji siku nzima kufa, dakika chache zinatosha, na ikiwa umepakia magunia zinatosha zaidi.

Jambo jingine wengi hawalijui. Kwa magari mengi taa hii huwaka presha ikiwa imeshashuka mpaka kama psi 3 hadi 7. Tairi ya gari dogo tunaijaza kama psi 30. Kwa hiyo hii si taa ya kukukumbusha jambo la kesho kama ile ya mafuta. Ikiwaka, hatari ilishafika kabla yake.

Ikiwaka ukiwa njiani

1. Toa mguu kwenye mafuta, weka gari pembeni mahali salama, zima injini. Usisubiri kituo, kijiji wala kivuli cha mwembe. Usiiache silensa huku unaongea na simu.

2. Weka gari sehemu tambarare, subiri kama dakika tano hadi kumi ili oili ishuke.

3. Chungulia chini. Kama kuna mchirizi mpya wa oili, au sampu imepigwa na jiwe, safari imekwisha. Ile mbinu ya sabuni ya mche inayosaidia tanki la petroli likivuja, kwenye sampu haifai. Sampu hupata moto sana na sabuni haitashika.

4. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena ndipo usome. Usomaji wa kwanza hauaminiki.

5. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, na hakuna kinachovuja, ongeza kidogo kidogo mpaka ifike kati ya alama mbili au juu kidogo. Kwa magari madogo mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Usijaze kupita alama ya juu, maana krankishafti itaipiga oili mpaka itoe povu, na pampu haiwezi kusukuma povu.

6. Washa injini bila kupiga resi. Taa izime ndani ya sekunde tano. Ikizima na hakuna mlio, nenda taratibu mpaka kwa fundi, ajue oili ilikwenda wapi. Isipozima, zima injini, usiwashe tena.

7. Kama oili ilikuwa imejaa tangu mwanzo, kama mimi siku ile, usiendelee. Kijiti kilichojaa si ruhusa ya kuondoka. Piga simu, gari livutwe.

Hiyo ya saba ndiyo iliyonigharimu injini. Ukisahau zote, ikumbuke hiyo.

Dalili na maana yake

Fundi mzuri atakuuliza taa iliwaka lini na vipi. Mwangalie dereva wako, mfundishe kujibu.

*Inapepesa kwenye kona, kwenye mteremko au ukishika breki ghafla.* Mara nyingi oili ni kidogo. Inakimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inanyonya hewa. Ukiongeza, inaacha. Lakini uliza imekwenda wapi: inavuja, au inaungua na kutoka kwenye ekzosi kama moshi wa bluu?

*Inawaka silensa injini ikiwa ya moto, ukipiga resi inazima.* Hapa yapo mengi: oili imechakaa na kuwa nyepesi kama maji, aina ya oili si yake, chujio limeanza kuziba, beringi zimekula, au swichi ya presha imechoka. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, petroli inaingia kwenye oili na kuilainisha. Hapo kumwaga oili peke yake hakutoshi, itafutwe inakoingilia.

*Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa.* Maji ya rejeta yameingia. Usiwashe.

*Taa inawaka pamoja na ko-ko-ko inayofuata mwendo wa injini.* Beringi zimeshaguswa. Kila mzunguko unaongeza gharama.

*Taa inawaka, oili imejaa, injini iko kimya kabisa.* Inaweza kuwa swichi tu, na swichi ni spea ya bei ndogo. Lakini huwezi kulijua hilo kwa kusikiliza. Fundi afungue swichi, afunge geji ya kupimia presha mahali pake, awashe na kusoma. Kanuni ambayo mafundi wengi huitumia ni kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, ingawa kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi. Presha ikiwa nzuri, badilisha swichi uende zako. Ikiwa mbaya, umeokoa injini.

Kuna na kipimo cha waya ambacho hata wewe unaweza kukifanya. Kwa magari ya zamani yenye swichi ya waya mmoja, injini ikiwa imezimwa lakini ufunguo umewashwa, chomoa waya wa swichi hiyo. Taa lazima izime. Kama bado inawaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Ukimaliza, rudisha waya.

Mbinu tatu za gereji ninazozipinga

Ya kwanza ni kuchomoa waya ili taa isisumbue. Fundi wa namna hii hukwambia "nimeimaliza." Amemaliza kelele tu, ugonjwa ameuacha ndani. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wapo hata wanaoiunga taa ya oili na taa ya chaji ili ziwake na kuzima pamoja, mnunuzi asishtuke. Ndiyo maana ukienda kununua gari la mkononi, washa ufunguo kabla ya kuwasha injini, uitafute taa ya birika. Isipowaka hapo, usiulize bei kwanza. Uliza kwa nini.

Ya pili ni kumwaga oili nzito kuliko inayotakiwa ili taa izime. Ni kweli, oili nzito huongeza presha kwenye injini iliyochoka, na mwenye gari kubwa la zamani linaloruhusu 20W-50 hana kosa akiitumia. Lakini injini nyingi ndogo za Toyota za miaka ya 2000, kama ya Probox, zina njia nyembamba na mfumo wa VVT-i unaotumia oili hiyo hiyo, na zilitengenezwa kwa oili nyepesi. Ukiweka nzito, asubuhi oili inachelewa kufika juu. Taa imezima, lakini kamshafti inazunguka ikiwa kavu. Dawa inayotibu taa tu si dawa.

Ya tatu ni gundi nyingi kwenye gasketi. Hadithi yake nimeshaisimulia. Ukimpelekea fundi sampu, simama pale pale. Mwambie apake mstari mwembamba, aache ikauke kama maelekezo yanavyosema, na kabla ya kufunga asafishe chujio la chini. Usione haya kusimamia. Shambani kwako ungesimama kibarua anapoweka mbolea.

Hesabu ya jioni ndiyo inayoua injini

Sasa nifike kwenye neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda.

Tunapenda kusema madereva wanaua magari. Mimi nasema, mara nyingi anayeua ni sisi wenye gari. Tunampa dereva gari asubuhi, tunamwambia jioni alete hesabu, mengine atajua mwenyewe. Kisha taa ya oili inawaka saa nne asubuhi, abiria wamejaa, hesabu bado haijafika nusu. Akisimama, jioni atadaiwa. Akiendelea, huenda injini ikafika mpaka kesho ikafia mikononi mwa dereva mwingine. Kwa masharti tuliyompa, kuendelea ndiyo akili.

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, ambaye Probox yake ilinoki namna hiyo, aliniambia kweli yake. Dereva alimpigia simu: "Mama, taa ya oili imewaka." Yeye akajibu, "Baba, maliza safari hiyo kwanza." Nilipomlaumu alinitazama akaniuliza: "Bwana shamba, nikikubali asimame kila taa ikiwaka, kesho si itawaka hata siku ambayo ameamka na usingizi?"

Swali lake ni la haki na nimelifikiria sana. Picha ya simu haisaidii, kwa sababu ukiwasha ufunguo bila injini, taa huwaka hata kwenye gari zima kabisa. Dereva mjanja atakutumia picha nzuri sana. Lakini geji haidanganywi kirahisi. Weka utaratibu huu: dereva akisema taa imewaka, gari linasimama, fundi anaangalia kijiti na kupima presha siku hiyo hiyo. Kama kuna tatizo, hesabu ya siku hiyo imesamehewa yote. Presha ikikutwa nzuri na swichi nzima mara ya kwanza, msameheane. Ikijirudia mara ya tatu, mtajuana.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme hesabu yako ni shilingi 30,000 kwa siku. Dereva akikudanganya mara mbili kwa mwaka, umepoteza 60,000. Linganisha na bei ya injini ya mtumba, kuifunga, kuvuta gari, na wiki mbili au tatu ambazo gari limelala gereji bila kuleta hata senti. Mimi ningechagua kudanganywa.

Na fedha ya oili itoke kwa mwenye gari, si kwa dereva. Ukimwachia dereva anunue oili kutoka kwenye faida yake, atanunua ya bei ya chini kabisa, ya kupimwa kwenye chupa ya maji, isiyojulikana ilikotoka. Nunua mwenyewe dukani unakoaminika, kopo lenye lakiri na alama ya TBS, pamoja na filta mpya. Andika kwenye daftari kilomita za siku uliyomwaga. Barabara zetu za vumbi na mizigo tunayobeba haziruhusu kusubiri mpaka mwisho wa kilomita zilizoandikwa kwenye kopo.

Foleni ya kivuko ilikuwa inatusaidia

Wenye umri wangu mnakumbuka foleni ya Busisi. Tulilalamika sana, lakini pale madereva walizima injini, wakafungua maboneti, wakachomoa vijiti huku wanakula mahindi ya kuchoma. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, unavuka kilomita zile 3 kwa dakika chache na hakuna anayesimama. Ni neema kubwa, wala sitaki foleni irudi. Ila ile dakika ya kijiti imepotea, na hatujaitafutia mahali pengine.

Itafutie. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini: kijiti, jicho chini ya gari, kisha ufunguo uone taa ya birika inawaka, washa injini uone inazima. Haizidi dakika mbili. Wenye pampu za kumwagilia na pawatila, mashine nyingi za namna hiyo hazina taa kabisa. Kwenu kijiti ndiyo taa.

Leo jioni, kabla dereva hajakukabidhi fedha, mwambie maneno haya kwa mdomo wako: "Taa nyekundu ikiwaka, zima palepale. Siku hiyo sikudai." Kisha siku ikifika, timiza. Ukimdai mara moja tu, hatakupigia tena. Utakuja kuzisikia habari kutoka kwa anayelivuta gari.